Kambi ya wasichana wa Chamwino na daftari lililobaki

Mwezi Mei 2023 mkuu wetu wa shule aliniita ofisini, akanionyesha kiti, akasema, "Mwalimu, wewe ndiye mlezi wa wasichana, kwa hiyo mgeni huyu ni wako." Mgeni mwenyewe nilikuwa ninamfahamu tayari, kwa kuwa tangu Januari tulikuwa tukikutana katika chumba cha walimu: dada wa miaka 24 kutoka Marekani, aliyekuja kujitolea kufundisha hisabati na fizikia katika shule yetu ya kata wilayani Chamwino, mwendo wa saa moja na nusu kwa basi kutoka Dodoma mjini. Nilichokuwa sikifahamu ni kwamba alikuwa na jambo jingine moyoni. Alitaka kuendesha kambi ya uongozi ya siku saba kwa wasichana wa kidato cha pili na cha tatu wakati wa likizo ya Juni, na alikuwa amekwisha kuchangisha fedha kwa ndugu na marafiki zake huko kwao. Alichokosa ni mwenyeji wa kushirikiana naye. Nilikubali siku hiyohiyo, na tangu hapo nimeshiriki kambi tatu, mbili pamoja naye na ya tatu akiwa amekwisha kurudi nyumbani.

Ninaandika haya kwa sababu walimu wenzangu wa Bahi, Kongwa na Mpwapwa wameniuliza mara nyingi namna ya kupokea wageni wa aina hii, na pia kwa sababu wapo vijana wa Kitanzania wanaojiandaa kwenda kujitolea katika nchi nyingine, ambao watakutana na mambo yaleyale wakiwa upande wa pili. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilidhani kazi ya mwenyeji ni kutafuta ukumbi, kuandika barua kwa afisa elimu na kuhakikisha maji ya kunywa yamechemshwa, kisha kumwachia mgeni ratiba. Kambi yetu ya kwanza iliyumba kwa sababu hiyo, na lawama kubwa ni yangu kuliko yake, maana yeye hakujua alichokuwa hakijui, lakini mimi nilijua nikanyamaza.

Wazo lenyewe halikuwa jipya. Kambi za uongozi wa wasichana za mtindo huu zilianzia Romania mwaka 1995, zikianzishwa na watu wa kujitolea wa Peace Corps, shirika la Serikali ya Marekani linalotuma watu kujitolea nje, wakishirikiana na walimu wenyeji, na baadaye zikasambaa katika nchi nyingi ambako shirika hilo linafanya kazi. Shirika lenyewe liliundwa mwaka 1961, na Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kupokea watu wake. Pamoja na historia hiyo ndefu, neno kambi kwa wazazi wetu lina maana yake. Katika Dodoma ukisema kambi, mzazi anaiona Makutupora na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, jeshi ambalo limekuwapo tangu mwaka 1963. Baba mmoja alitembea kutoka kijijini kwake hadi ofisini kwangu kuniuliza kama binti yake atavishwa magwanda na kukimbizwa mchakamchaka alfajiri. Nilimweleza kwa utulivu, akasaini fomu ya ridhaa. Wengine hawakuja kuuliza, walikataa tu.

Kosa letu la kwanza lilikuwa la kalenda. Mgeni alichagua juma la pili la Juni kwa kuwa wenzake wawili wanaojitolea mikoa mingine walikuwa na nafasi siku hizo, nami sikumwambia kwamba juma hilo ni la mavuno. Uwele uliopandwa Desemba mvua zilipoanza unakuwa umekomaa, mtama unafuata, na katika nyumba ya Wagogo, wenyeji wa Dodoma, msichana wa miaka 15 ni mikono miwili kamili: anakata masuke, anayabeba, anapura, anapepeta. Mwaka ambao mvua imenyesha vizuri, na kwetu mvua nzuri si jambo la kila mwaka, hakuna mzazi mwenye akili timamu anayeiacha nafaka shambani iliwe na ndege ili binti aende kujifunza kujiamini. Tulialika wasichana 50, wakafika 29. Mama mmoja alituma ujumbe kwa simu ya jirani yake: "Mwalimu, tuachie kwanza tumalize kuvuna, halafu mchukueni hata mwezi mzima." Mgeni wetu aliandika katika taarifa yake kwamba wazazi wa eneo hili bado hawathamini maendeleo ya mtoto wa kike. Niliisoma taarifa hiyo kabla haijatumwa, ikanichoma, nikairudisha bila kusema neno. Mwaka uliofuata tulihamishia kambi juma la mwisho la likizo, tukaipunguza ikawa siku sita, wakafika 48. Wazazi ni walewale.

Kosa la pili lilikuwa la lugha, na juu ya hili nitakaa kidogo kwa sababu ndilo lililogeuza kazi yetu yote.

Asubuhi ya kwanza wasichana waliketi katika mduara ndani ya darasa tulilokuwa tumetoa madawati. Upepo wa Juni ulikuwa ukipiga madirisha na kuingiza vumbi jembamba, na wengi walikuwa wamejifunika shuka mabegani kwa baridi. Mgeni alibandika karatasi kubwa ukutani na kuuliza kwa Kiingereza ni kitu gani kila mmoja angependa kukibadilisha mahali anapoishi. Alitumia Kiingereza kwa nia njema, kwa kuwa shule zetu za sekondari hufundisha kwa lugha hiyo na alitaka wapate mazoezi. Kikafuata kimya ambacho hata sasa nikikikumbuka ninaona aibu. Waliinamisha vichwa, wakakuna viganja, wakatazamana. Hatimaye mmoja alisimama na kusema sentensi moja kuhusu ukataji miti, sentensi ambayo nilijua imetoka neno kwa neno katika daftari la uraia. Wa pili akarudia hiyohiyo. Kufikia mchana karatasi ilikuwa na mistari minne, yote ya vitabuni.

Jioni ya siku hiyo nilikuwa nyuma ya jiko nikihesabu vikombe. Wasichana kama kumi walikuwa wakiosha sahani kwenye beseni mbili, na mazungumzo yalikuwa ya moto, Kiswahili kikichanganyika na Kigogo. Walikuwa wakizungumzia mwenye nyumba mmoja aliyepandisha kodi katikati ya muhula, kijana wa bodaboda anayetoa lifti asubuhi na kudai shukrani jioni, na binti aliyehama chumba kwa sababu mlango wake haukuwa na komeo kwa ndani. Mmoja alitoa hoja kwamba kosa ni la wazazi wanaowapangishia watoto vyumba bila kuvikagua. Mwingine akampinga: mzazi yuko kilomita 14 kutoka shuleni, atakagua lini? Wa tatu, ambaye darasani hakuwa amefungua kinywa, akapendekeza kwamba wasichana wenyewe wapange wanne wanne katika ua mmoja. Yalikuwa majadiliano kamili, yenye hoja, pingamizi na pendekezo, na yalikuwa yakifanyika juu ya povu la sabuni.

Nilikwenda kumwita mgeni. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kiasi cha kufuata. Alisimama nyuma ya ukuta wa jiko akiwa na kikombe cha uji mkononi kwa muda wa robo saa, na uji ukapoa. Aliponigeukia alisema, "Mwalimu, hiki ndicho nilichokuwa nikikitafuta asubuhi." Nikamjibu kwamba alikiuliza kwa lugha ambayo wanaiogopa. Usiku huo tuliifumua ratiba yote. Kuanzia siku ya pili kambi iliendeshwa kwa Kiswahili, Kigogo kikaruhusiwa kwa yeyote aliyekwama, na Kiingereza kikawekewa saa moja ya michezo jioni, kwa kuwa wasichana wenyewe walikitaka kwa ajili ya upimaji wa kidato cha pili na sikuona sababu ya kuwanyima.

Sidai kwamba kubadili lugha kulimfanya kila msichana kuwa msemaji. Lakini naamini kwa moyo wote kwamba mtu hawezi kujifunza kuongoza wenzake kwa lugha ambayo hata kuomba chumvi mezani anaisitia. Wanaokuja kujitolea wanapaswa kulijua hilo kabla ya kupanda ndege, na sisi wenyeji tunapaswa kuliweka wazi siku ya kwanza, badala ya kuona fahari kwamba wasichana wetu watazungumzishwa Kiingereza na Mmarekani.

Katika kitabu cha mafunzo alichokuja nacho mgeni kulikuwa pia na somo la kusimama wima na kumtazama machoni mtu unayezungumza naye, awe mkubwa au mdogo. Wasichana walilifanyia mazoezi wawili wawili, wakacheka sana. Majuma mawili baada ya kambi baba wa msichana mmoja alikuja shuleni akiwa amekasirika. Binti yake, ambaye siku zote alimpokea kwa kupiga goti na kuamkia shikamoo akiwa ameinamisha uso, alikuwa amesimama mbele yake na kumkazia macho wakati wa kuomba nauli. Mzee aliuliza, "Mmemfundisha kiburi kwa gharama ya nani?" Nilimwomba radhi, kwa kweli nikimaanisha. Kwetu kuinamisha macho mbele ya mkubwa ni heshima, na msichana anaweza kusema jambo zito huku akiangalia mikono yake, na likasikika. Mwaka wa pili somo hilo tulilibadilisha likawa la kuandaa hoja: jambo lenyewe ni lipi, ushahidi wako ni upi, unaomba nini, na unamwomba nani. Mahali pa kuelekeza macho tulimwachia kila mmoja kwa malezi yake.

Mafunzo ya kushona taulo za kike yalipendwa kuliko yote. Bei ya pedi za dukani ni mzigo kwa familia ya mkulima. Serikali iliwahi kuziondolea kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2018, kisha ikairudisha mwaka uliofuata kwa maelezo kwamba bei haikushuka kwa mlaji. Kwa hiyo taulo ya kushona, inayofuliwa na kutumika tena, ni msaada wa kweli. Mgeni alileta mfano: vipande viwili vya kitambaa laini cha pamba, taulo nene katikati, nailoni chini, na mabawa mawili yanayofungwa kwa vishikizo. Fundi cherehani wa sokoni alikuja na mashine yake, wasichana wakakata vitambaa, na wale waliokosa zamu wakashona kwa mkono. Lakini mgeni alipoeleza kwamba lazima zifuliwe kwa maji mengi na kuanikwa juani, msichana wa kidato cha tatu alinyoosha mkono na kuuliza mambo mawili. Maji wanayateka kisimani kwa foleni na ndoo moja inagawanywa kwa wawili, je, atafulia nini? Na akianika uani, pale wanapopita wapangaji wanaume, ataonekanaje? Hakuna aliyekuwa na jibu. Aliyelileta alikuwa mpishi wetu, mama wa makamo ambaye hakuwa hata katika ratiba: loweka kwanza kwa maji kidogo yenye chumvi, maji hayo yamwagwe, ndipo ufue kwa sabuni; kisha anika na uifunike kwa upande mmoja wa khanga iliyochakaa, nyepesi, jua na upepo vinapita lakini macho hayapiti. Mgeni aliandika kila neno. Tangu siku hiyo mama huyo aliingizwa katika ratiba na kulipwa kama mkufunzi, jambo ambalo tungepaswa kulifanya mapema.

Kipindi cha sheria kiliongozwa na ofisa wa Dawati la Jinsia na Watoto kutoka kituo cha polisi, akisaidiwa na afisa maendeleo ya jamii wa kata. Walieleza kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata 14 kwa idhini ya mahakama, wakati mvulana alitakiwa kufikisha 18. Wakaeleza kwamba mwanamke mzaliwa wa hapahapa Dodoma, Rebeca Gyumi, alikwenda mahakamani kupinga vifungu hivyo, kwamba Mahakama Kuu ilikubaliana naye mwaka 2016, na kwamba Mahakama ya Rufani ilithibitisha uamuzi huo mwaka 2019. Waligusia kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi, na waraka wa Novemba 2021 unaomruhusu msichana aliyekatiza masomo kwa ujauzito kurudi shuleni. Wasichana waliposikia kwamba aliyeishinda serikali mahakamani ametoka Dodoma, darasa lilivuma. Kisha mmoja akauliza, kwa sauti ya chini, "Kama mahakama imekwisha kusema, mbona jirani yangu ameozwa mwaka jana?" Ofisa hakukwepa. Alisema sheria haitembei yenyewe, inahitaji mtu wa kutoa taarifa, akaandika ubaoni namba 116 ya simu kwa mtoto, ambayo hupigwa bila malipo. Baada ya kipindi msichana huyo alibaki nyuma akazungumza naye faragha, na yaliyofuata si ya kuandikwa hapa.

Mwaka wa pili tulipata ruhusa ya kuwapeleka bungeni, kwa kuwa juma la mwisho la Juni Bunge la bajeti lilikuwa bado linaendelea. Wengi wao wamezaliwa mwendo mfupi kutoka katika jengo hilo na hawakuwahi kuliona ndani. Walikaa katika jukwaa la wageni, wakatambulishwa, wakasimama wote kwa pamoja wakiwa wamevaa sare za shule. Tuliwaeleza kwamba tangu Anna Makinda aliposhika kiti cha Spika kati ya mwaka 2010 na 2015, mwanamke wa pili, Dkt. Tulia Ackson, alikikalia kuanzia mwaka 2022. Ilikuwa safari nzuri, na gharama ya basi ilikuwa kubwa. Wakiniuliza leo kama fedha ile ingetumika kwa jambo jingine, nitasema ndiyo, ingawa ningesikitika.

Usiku wa mwisho wa kambi hiyo ya pili tulimwalika bibi mmoja wa kijiji cha jirani, mpigaji wa muheme. Mgeni alikuwa amepanga moto na nyimbo za kupiga makofi za kwao, nasi tulimwomba atupe nusu ya muda. Muheme ni ngoma ambayo kwa Wagogo hupigwa na wanawake. Bibi alifika na wenzake watatu, wakazikausha ngoma zao karibu na moto ngozi ikaze, wakazibana mapajani, na yeye akaanza peke yake, taratibu, kana kwamba anabisha hodi. Kabla ya kuongeza kasi alisimama na kuwaamkia wasichana, "Mbukwenyi," wakaitika. Akawaambia kwa Kigogo kwamba katika muheme yuko mmoja anayeanzisha, wengine wanamsikiliza yeye, naye lazima awasikilize wao, kwani akikimbia peke yake ngoma inakufa. Sikuwahi kusikia mtu akieleza uongozi kwa maneno machache namna hiyo, wala bibi huyo hakujua kwamba anatoa somo la kambi. Mgeni wetu, ambaye alikuwa ametumia siku tano na michoro mingi kueleza jambo hilohilo, alilia waziwazi, kisha akaomba afundishwe kupiga. Alipewa ngoma ndogo. Alifundishwa na mtoto wa darasa la sita.

Sasa nirudi kwenye vyumba, kwa sababu huko ndiko tulikokuwa tukielekea tangu jioni ile ya sahani.

Wasiofahamu shule za kata wajue kwamba mwanafunzi anayetoka mbali hupangishiwa chumba karibu na shule, nasi tunakiita geto. Wavulana wanapanga, wasichana wanapanga. Anajipikia, anajilinda, anajiamsha mwenyewe, na ana miaka 14. Elimu bila ada, iliyoanza mwaka 2016, iliwafungulia wengi mlango wa darasa, lakini chumba cha kulala hakikuwamo. Katika kambi ya pili wasichana walichagua jambo hili kuwa kazi yao. Waligawana mitaa, wakapita nyumba kwa nyumba kwa siku mbili wakiwa watatu watatu pamoja na mwalimu, wakaandika katika daftari moja kubwa lenye jalada gumu: chumba, idadi ya wanaolala humo, kodi kwa mwezi, choo kiko umbali gani, mlango una komeo au hauna, nani mtu mzima anayeishi katika ua huo. Walihesabu vyumba 17, wasichana 31, na vyumba 6 visivyo na komeo kwa ndani.

Mkutano mkuu wa kijiji kwa kawaida ni wa wakazi waliotimiza miaka 18, hivyo wasichana hawakuwa wajumbe na hawakuwa na haki ya kusema bila kuruhusiwa. Nilikwenda kwa mtendaji, mtendaji akazungumza na mwenyekiti, mwenyekiti akakubali kuwapa dakika kumi katika mengineyo. Tulikaa chini ya mbuyu tangu saa nne hadi saa nane wakati watu wakijadili malisho na michango ya kisima. Zamu yetu ilipofika, wengine walikuwa wamekwisha kuanza kuinuka.

Aliyesimama ni yule msichana ambaye asubuhi ya kwanza ya kambi ya kwanza hakuwa amefungua kinywa, yule aliyetoa pendekezo akiosha sahani. Aliamkia shikamoo kwa wazee wote, akapiga goti moja, akainuka. Hakumtazama mtu machoni hata mara moja. Aliliweka daftari kifuani, kidole chake kikifuata mstari kwa mstari, akasoma hesabu ya kila mtaa bila kumtaja mwenye nyumba yeyote kwa jina. Alipofika kwenye vyumba 6 alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Wazee wetu, usiku tunaegemeza ndoo ya maji mlangoni ili mtu akisukuma tusikie." Waliokuwa wameinuka wakakaa. Kisha akaomba mambo mawili kwa mpangilio tuliofanyia mazoezi: kwanza, kila mwenye nyumba aweke komeo kabla shule haijafunguliwa, pili, kijiji kianze kujenga bweni.

Mzee mmoja aliyekaa kwenye mzizi wa mbuyu, ambaye ninajua ana vyumba vya kupangisha, ndiye aliyevunja ukimya. Alisema, "Mtoto amesema. Nani ana la kumjibu?" Hakuna aliyekuwa nalo. Makomeo yalianza kuwekwa juma hilohilo, na mawili ya kwanza yalikuwa katika vyumba vyake. Kuhusu bweni iliundwa kamati, na kila kaya ikapangiwa tofali au siku za kazi. Mgeni alikaa nyuma kabisa, karibu na wanawake wenye watoto wachanga, na hakusema lolote tangu mwanzo hadi mwisho. Alikuwa ameombwa na mwenyekiti atoe neno, akakataa kwa heshima. Nilimheshimu sana kwa hilo.

Aliondoka Agosti 2024, kwa treni ya SGR iliyokuwa na majuma machache tu tangu ianze safari za Dodoma na Dar es Salaam. Wasichana kumi na mbili walikuja kumsindikiza kituoni, wakiwa na ubuyu, karanga na zabibu katika kikapu. Fedha zilizobaki zilikuwa kidogo. Tulikubaliana zisinunue fulana, kama tulivyofanya mwaka wa kwanza kwa fedha ambayo ingewalisha wasichana siku mbili, bali ziwe akiba ya chakula cha kambi ijayo.

Kambi hiyo tuliifanya mwaka 2025 bila mgeni yeyote, kwa siku nne, kwa mahindi na maharage ya wazazi, mlenda uliokaushwa nyumbani, na akiba ile. Bibi wa muheme alikuja. Mama mpishi alifundisha. Viongozi wa vikundi walikuwa wasichana wa kambi mbili zilizotangulia, mmoja wao akiwa amerudi shuleni baada ya kujifungua, na ndiye aliyeongoza kipindi cha sheria pamoja na ofisa wa dawati. Hatukuwa na michoro mizuri ukutani, na yapo mambo tuliyoyafanya vibaya kuliko alivyoyafanya yeye, hasa kutunza muda.

Boma la bweni limefika kwenye lenta. Linasubiri mbao na bati, na kamati imeomba halmashauri imalizie kama inavyofanya kwa maboma mengine yaliyoanzishwa kwa nguvu za wananchi. Mgeni ananiandikia kila baada ya miezi miwili au mitatu, na swali lake la kwanza ni hilo. Mara ya mwisho nilimtumia picha mbili. Moja ni ya kuta, mbuzi wakiwa wamepumzika kivulini ndani yake. Nyingine ni ya ukurasa wa daftari, hesabu mpya iliyofanywa na wasichana wa mwaka huu kwa mwandiko mwingine: vyumba 16, wasichana 33, visivyo na komeo 1. Pembeni mwa hiyo 1 mtu ameandika kwa penseli jina la mtaa, na siku watakayokwenda kuzungumza na mwenye nyumba.